Mguu wa Dennis na Mikono ya Mama Yake

Wenzangu wa chumba cha tiba, mliniomba kabla sijarudisha funguo niwaandikie mambo machache ya kuwasaidia vijana wanaoanza kazi. Nimeanza mara kadhaa nikafuta, maana kila nilichoandika kilinuka hotuba ya kuagana, na hotuba mlishanisomea za kutosha pale ukumbini huku keki ikikauka. Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja na mikutano yake. Nitawaeleza habari za miguu, kwa kuwa ndiyo niliyoishika maisha yangu yote ya kazi, na zaidi nitawaeleza habari za mguu mmoja.

Nilifika chuoni mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimesomea tiba ya viungo Nairobi, nikafanya kazi hospitalini, nikaja Toronto, nikaambiwa nisome tena yale yale, safari hii kwa koti zito. Nilipomaliza nikapewa timu ya futiboli ya chuo. Nilifurahi kupita kiasi. Nimezaliwa Voi katikati ya ndugu wa kiume, futiboli naijua tangu tumboni. Siku ya kwanza nikatoka uwanjani na begi langu, nikakuta majitu yenye kofia ngumu kichwani na mabega kama makabati, yanakimbizana na kuangushana. Nikamwuliza aliyekuwa karibu mpira uko wapi. Akaniinulia kitu mfano wa papai bichi. Hapo ndipo nilipojua kwamba Kanada wana futiboli yao, ya kubeba mkononi na kukimbia nayo mpaka mtu akulaze chini, na kwamba wa kuwainua waliolazwa ni mimi.

Aliyeniokoa ni Doreen, mkuu wangu wa kwanza, mama mfupi kutoka kaskazini mwa Ontario, sauti yake ya mkwaruzo, ambaye hakumwamini kiumbe yeyote aliye chini ya miaka thelathini. Alinifundisha kufunga kifundo cha mguu kwa plasta tukitumia mguu wa kiti. Nilifunga kile kiti mpaka nadhani kingeweza kucheza msimu mzima. Alisema mgonjwa akija, uliza kifundo kwanza, kisha umwulize mchezaji, na majibu yakitofautiana, amini kifundo. Nilimtafsiria msemo wetu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aliupenda sana, akawa anawasomea wachezaji kwa Kiswahili cha kutisha, nao wakadhani ni laana.

Ni Doreen pia aliyenionyesha dawa ya kijana aliyegongwa kichwa. Usibishane naye. Atakuambia yuko sawa, ukimpima kumbukumbu atakutajia jina la waziri mkuu, kisha ukigeuka atachomoka arudi kuchezea ubongo uliobaki. Chukua kofia yake, ikalie. Mimi Mungu amenijalia upande huo, na hakuna kijana aliyewahi kuthubutu kumwinua Anti, kama walivyoniita, ili apate kofia. Kuna nusu fainali nzima niliyoitazama nikiwa nimekalia kofia ya nahodha, naye amesimama mbele yangu anabembeleza kama mtoto anayetaka pipi.

Kuhusu vifaa, msinunue mkasi wa bei rahisi. Utakwama katikati ya nywele za mguu wa mtu mzito, na mtu huyo atakumbuka jina lako. Plasta ivuteni kwa kiasi, vidole vikigeuka rangi mmezidisha. Na barafu iwe karibu siku zote, hata Januari, hata kama nje ni barafu tupu. Barafu ya nje ina chumvi inayomwagwa barabarani na mambo ya mbwa.

Sasa Dennis. Alikuja timuni nilipokuwa tayari na miaka yangu kadhaa na Doreen amestaafu kwenda kuvua samaki. Dennis Wafula, mtoto wa ghorofa za Etobicoke, magharibi mwa Toronto, wazazi wa Bungoma, baba alishafariki. Alikuwa mkimbiaji, yaani yule anayepewa mpira mkononi ili apenye katikati ya watu wanaotaka kumvunja. Jamani, yule kijana alijua kukimbia. Mara ya kwanza nilipomwona akipita watu watatu kwa kuyumba kiuno tu, niliangusha chupa ya maji. Kwa Kiswahili alikuwa anaelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza kama watoto wetu wote wa huku, isipokuwa akitaka jambo. Akitaka jambo alikuwa Mswahili kamili.

Njia yake ya kwenda kucheza kwa mshahara haikunyooka. Mwaka wa pili alifeli masomo akasimamishwa nusu msimu. Mwaka wa tatu alimjibu kocha vibaya mbele ya timu, akawekwa benchi mpaka akajifunza kuomba msamaha. Mwaka wa nne akatulia, na watu wa vilabu vya kulipwa wakaanza kuja mechi zetu na miwani yao ya jua. Akaitwa kwenye majaribio ya majira ya machipuko. Huko ndiko vilabu hukutana kuwapima vijana wa vyuo, nani anakimbia, nani anaruka, nani ana mgongo. Baada ya hapo huja siku ya uteuzi, ambapo vilabu hupokezana kuchagua, jina moja moja. Kwa Dennis hiyo ilikuwa nafasi moja. Mwaka unaofuata kungekuwa na vijana wengine wa kutazamwa.

Basi, wiki chache kabla ya majaribio, akakanyaga vibaya mazoezini, kifundo cha kulia kikateguka. Nilikipima. Hakikuvunjika, hakikuchanika vibaya. Nikamwambia kwa Kiswahili ili aelewe kwamba nasema kweli, "Barafu, uinue mguu, uufunge, usiuchezee. Maji moto usiyaguse. Ukinisikiliza utakimbia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe umeshafika nusu ya njia."

"Nimesikia, Anti," akasema.

Juma lile la kwanza nilimwekea barafu kila siku, na Ijumaa kifundo kilikuwa kimeanza kupata sura. Jumatatu akarudi, kimevimba kama kiazi. Nikaanza upya. Ijumaa kikapungua, Jumatatu kiazi. Juma la tatu nikaanza kuota kile kifundo. Kocha alikuwa anapita mlangoni kila baada ya saa kuniuliza kama Dennis atakimbia, utadhani mimi ndiye ninayekivimbisha.

Nilifanya upelelezi. Nikadhani anacheza mpira wa kikapu na wenzake wa ghorofani. Nikampigia simu mmoja wao, akaniapia kwamba Dennis siku hizi haonekani hata nje. Nikadhani kuna msichana anayeishi ghorofa ya juu na lifti mbovu. Hakukuwa na msichana. Nikamkalisha kwenye meza, nikakitazama kile kifundo kwa karibu. Ngozi ilikuwa nyekundu na laini, kama ya mtu aliyetoka kuoga muda mrefu, na pembeni kulikuwa na alama ndogo za duara. Nikainusa.

"Anti, are you smelling my foot?"

"Nanusa. Kwa nini mguu wako unanuka mkaratusi?"

Akatazama dari. "It's just lotion."

"Dennis."

"Niko fine, Anti. I swear."

Niliuliza kifundo, kikasema kingine. Jumapili baada ya ibada nikapanda basi kwenda Etobicoke, mkononi nina mkate wa ndizi, maana kwa mtu huendi mikono mitupu hata kama umekwenda kumpeleleza.

Mama Dennis alifungua mlango akapiga kigelegele kidogo. Tulikuwa tunajuana kwa mbali, kwenye mazishi na harusi. Alikuwa mwangalizi wa wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu ya usiku, na macho yake yalikuwa ya mtu anayelala mchana kwa vipande vipande. "Mama Neema! Mgeni njoo mwenyeji apone! Ingia, ingia, umefika wakati mzuri. Ndiyo nataka kumhudumia huyu mtoto wetu."

Nikaingia sebuleni. Dennis alikuwa kwenye kochi, mguu ndani ya beseni. Maji yalikuwa yanatoa moshi. Kando palikuwa na pakiti ya chumvi, kichupa cha mafuta ya mkaratusi na taulo. Aliponiona, alijifunika uso kwa mto.

Mama Dennis akapiga magoti, akatoa ule mguu majini, akaweka vidole gumba viwili juu ya kile kifundo changu nilichokiuguza kwa wiki tatu, akakanda. Wenzangu, yule mama ana vidole vya kuinua wazee kitandani. Alikanda kwa uzito wake wote, huku anaimba wimbo wa kanisani taratibu, na kutoka ndani ya mto kukasikika sauti ya ndama.

"Kwetu mguu ukiteguka unaukanda mpaka ule uchungu utoke wenyewe," akaniambia kwa furaha. "Kila siku nikitoka kazini, kabla sijalala, namkanda. Weekend mara mbili, kwa sababu yuko nyumbani."

Hakuna kozi ya chuo kikuu inayofundisha la kufanya hapo. Humwambii mama wa watu, mbele ya mtoto wake, kwamba mikono yake inaharibu. Tena ameshakuwekea chai. Nikakaa, nikanywa chai, nikala mandazi, nikauliza habari za Bungoma, nikaambiwa nani ameoa na nani amekataliwa. Alipokwenda jikoni kuongeza maziwa nikamfuata, nikafunga mlango.

"Mama Dennis, dada yangu, kuna jambo."

Nilimweleza polepole. Kwamba mguu ulioteguka karibuni una damu inayovuja ndani, na maji moto yanaifungulia mlango, na kukanda kunafumua kilichoanza kushikana. Kwamba utakuja wakati wa kukanda, lakini wakati huo haujafika. Alinisikiliza ameshika sufuria.

"Kwa hivyo unataka nimwekee nini?"

"Barafu."

"Barafu." Aliweka sufuria chini. "Mama Neema, kwetu vitu vinavyowekwa barafu ni viwili. Samaki na maiti. Huyu wangu ni yupi?"

"Dada..."

"Mimi nimekandwa na mama yangu, mama yangu alikandwa na nyanya yangu, na wote tulienda shule kwa miguu! Wewe kusoma umesoma, sikatai. Lakini uchungu wa mwana nani anaujua?"

"Aujuaye mzazi," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Hata kocha sijamwambia. Bila wewe sitauponya ule mguu, kwa sababu mimi namwona mchana tu."

Aliiokota sufuria akaiweka mekoni. Mwishowe akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Na hayo majaribio yake, nimeyaharibu?"

"Bado kuna siku," nikasema. Zilikuwepo, ila chache, na niliona ameelewa uchache wake.

Kuanzia jioni ile nilipata msaidizi mkali kuliko wote niliowahi kuajiri. Mama Dennis alijaza friza vifuko vya barafu mpaka kuku wakakosa nafasi, na Mluhya, ambaye kuku ni roho yake, akimwondoa kuku ili aweke barafu, jueni jambo limefika moyoni. Alizifunga zile barafu kwa leso yake ili zisimchome mtoto. Alinipigia simu alfajiri, ndiyo kwanza ametoka kazini: "Mama Neema, amelala na mguu juu ya mito, lakini mto mmoja umeanguka, nimwamshe?" Alimkataza kushuka ngazi, alimkataza kusimama kuoga, na siku moja alimkataza kusimama kuomba. Dennis akaniambia anatamani arudishiwe beseni. Kifundo kikapungua, na Jumatatu ya juma lililofuata, kwa mara ya kwanza, hakikuwa kiazi. Nilikipiga busu mbele ya watu.

Majaribio yalifanyika ndani ya ukumbi mkubwa wenye nyasi za bandia, sisi wahudumu tukiwa nyuma ya uzio. Nilimfunga plasta mwenyewe, nikaubandua mkunjo wa mwisho nikaufunga upya. Alikimbia. Mguu ulishika. Lakini nilimjua akiwa na mbio zake zote, na siku ile alikimbia kama mtu anayewahi basi la pili, anayejua likimpita lipo jingine. Wale mabwana wa miwani wakaandika, wakageukia kijana aliyefuata. Dennis alikuja kwangu akakaa chini, akaanza kubandua plasta.

Siku ya uteuzi Mama Dennis alialika watu nyumbani. Nusu ya kanisa ilikuwa pale, mchungaji, kwaya, majirani wa ghorofa, mimi, na kuku waliopata tena nafasi yao. Televisheni ilikuwa imewashwa, simu ya Dennis imewekwa katikati ya meza kama mgeni rasmi. Jina la kwanza likasomwa. La pili. Kila jina wanawake walikuwa tayari na vigelegele mdomoni, kisha wakavimeza. Majina yakaendelea, mkimbiaji wa chuo kingine, mkimbiaji mwingine, kijana wa kupiga mpira kwa mguu ambaye nilikuwa nimemfunga kidole mwenyewe. Watu wakaanza kula kimyakimya kama wako matangani. Uteuzi ukaisha. Jina la Dennis halikusomwa. Mchungaji akasimama akasema tuombe, na akaanza maombi ambayo niliona wazi hana mpango wa kuyamaliza.

Mama Dennis hakuwepo. Nilimkuta jikoni anaosha sahani zilizokuwa safi.

"Ni mimi," akasema bila kugeuka. "Usinifariji, Mama Neema. Ni mikono yangu hii. Ningemwacha, angekuwa mzima kwenye yale majaribio. Angechaguliwa."

Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake, na mimi si hodari wa kusema uongo kuhusu vifundo. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta sahani. Ndipo mlango ukafunguka, Dennis akaingia.

"Mama, stop. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Maji moto. Anti aliniambia day one. Barafu, no hot water. Nilijua."

Mama yake akageuka, mikono inadondosha povu. "Ulijua, na ukanipa mguu kila siku? Ukiwa unalia ndani ya mto?"

"Sikulia."

"Ulilia," nikasema mimi.

"Kwa nini hukuniambia, Dennis?"

Yule kijana mkubwa akatazama sakafu. Alisema taratibu, akitafuta maneno, mengi yakiwa ya Kiswahili ambacho sikuwahi kumsikia akikitumia bila kuomba kitu. "Ukitoka kazi unalala. Mimi nikitoka shule, wewe umeenda kazi. Since Baba alipokufa ni hivyo. Lakini wakati unanikanda unaniuliza mambo yangu. Masomo, timu, kila kitu. Unaimba. Ningesema mguu usikandwe, basi." Akainua mabega. "Niliona bora uvimbe."

Mama yake alimchapa kwa kitambaa cha sahani. Alimchapa begani, mgongoni, kichwani, anaita "Mjinga wewe! Mjinga! Mguu wa kazi!" na machozi yanamtiririka, kisha akamshika shingo akamvuta chini mpaka uso wake ukafika begani kwake. Nililia mimi pia, sioni haya. Sebuleni mchungaji alikuwa amefika kwa wana wa Israeli.

Walipoachana, mama akajifuta uso kwa leso, akamtazama kuanzia juu mpaka chini kama anayekagua mzigo. "Sasa mguu umepona. Na kukanda kumekwisha."

Dennis akafikiri kidogo. Akajishika bega. "Actually, Mama, hapa pia panauma kidogo."

"Wapi?"

"Hapa. Tangu last week."

Nilimpima kwa macho. Lile bega lilikuwa zima kabisa, zima kuliko langu. Nikafuta sahani yangu nikanyamaza, na katika miaka yote ya kazi huo ndio uchunguzi pekee niliokataa kuufanya. Mama Dennis akavuta kiti kwa mguu wake. "Kaa hapo, baba." Akasimama nyuma yake, akaweka vidole gumba, akaanza.

Ndipo simu ikalia sebuleni, na maombi yakakatika katikati. Tukasikia mchungaji akisema "Hello? Yes? Yes, sir," kisha akapiga kelele ambayo waumini wake hawajawahi kuisikia kanisani. "Dennis! Dennis! Ni kocha wa timu ya magharibi, kule mashamba ya ngano! Anasema hukuchaguliwa lakini wanataka uende kambini kwao kujaribiwa! Anataka kuongea na wewe sasa hivi!"

Dennis akataka kuruka. Mama yake akamkandamiza akarudi kitini.

"Mwambie angoje," akasema. "Niko na mwanangu."

Yule bwana alingoja. Dennis akaenda kambini, akabaki, akacheza kule misimu kadhaa kabla ya kuwaachia vijana wengine, na mpaka leo hakuna safari anayokuja kwa mama yake Etobicoke bila kiungo fulani kumuuma.